Filta iliyoziba siku ya pili: uchambuzi wa kisa cha maji ya kunywa, Lushoto hadi Mtae

Kisa hiki kimeandikwa kwa ruhusa ya waliohusika. Majina yao, vijiji walikolala na mwaka wa safari vimeachwa. Niliongea na karibu wote, kila mmoja kwa wakati wake, na pale maelezo yalipopishana nimesema hivyo.

Mazingira ya safari

Watu sita wenye umri wa miaka ishirini na kitu hadi thelathini na kitu walipanga kutembea kutoka Lushoto hadi Mtae, Usambara Magharibi, kwa siku nne. Kila mtu na begi lake mgongoni, wapagazi hakuna. Usiku wa kwanza ulikuwa wa mahema, uliobaki wa nyumba za wenyeji. Walikuwa na kijana wa Kisambaa wa kuwaonyesha njia, ambaye hapa nitamwita mwongozaji. Aliyepanga safari nitamwita kiongozi. Mmoja wa wale sita ni muuguzi, na hilo lina uzito wake baadaye.

Ilikuwa Novemba, vuli imeshaanza. Njia inapanda kupitia msitu wa Magamba, inagusa mita 2,000, kisha inatoka kwenye mashamba ya kabichi, viazi, karoti na nyanya yaliyolimwa kwenye miteremko hadi ukingoni kabisa mwa vijito. Kiu haiwezi kukuua huko. Kila baada ya mwendo kidogo unakuta kijito, mpira mweusi unaomwaga maji kando ya njia, au bomba la kijiji. Kwa sababu hiyo watu wengi hulegea. Wanapanga chakula kwa gramu na malazi kwa shilingi, maji wanasema "yapo tu njiani".

Walichokijadili kabla ya kuondoka

Mjadala ulifanyika kwenye kundi la WhatsApp, na kwa kweli haukuwa mbaya. Maji ya chupa yalikataliwa mapema. Watu sita wakinywa lita tatu kila mmoja ni lita 18 kwa siku, yaani kilo 18 juu ya mizigo, bila kutaja chupa tupu za kurudi nazo.

Kuchemsha kulipigiwa hesabu. Mtungi mdogo wa gesi wa gramu 230 huchemsha takriban lita 12 hadi 16 kama upepo hausumbui, kwa hiyo wangehitaji zaidi ya mtungi mmoja kwa siku kwa ajili ya maji peke yake, na mitungi ya aina hiyo Lushoto si ya kutegemea kuikuta dukani. Kuni? Ndani ya hifadhi ya msitu huokoti kiholela, na kuni za vuli zimelowa.

Mmoja alipendekeza kuyaanika maji juani kwenye chupa za plastiki ili jua liue vijidudu. Njia hiyo ni ya kweli na imesaidia familia nyingi, lakini inataka chupa angavu, maji meupe, na saa sita za jua kali au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Usambara ya Novemba ni ukungu hadi saa nne asubuhi. Mwingine alikuwa na taa ya mionzi ya UV ya kutumbukiza kwenye chupa. Kiongozi aliikataa kwa sababu mbili: betri, na kwamba mionzi haipenyi maji ya tope. Sababu hiyo ya pili ikumbukwe, maana aliitumia kuikataa taa halafu akaisahau alipofika kwenye filta.

Walichochagua ni filta moja ya nyuzinyuzi, ile unayofunga kwenye kifuko laini cha maji machafu na kukibana hadi maji yatokee upande wa pili. Nyepesi, haina ladha, inatoa lita moja kwa dakika chache, na kwenye boksi imeandikwa mikroni 0.1, yaani upana wa matundu yake (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Iliazimwa kwa rafiki. Ilikuwa imekaa droo moja na chaja za simu tangu safari yake ya mwisho. Hakuna aliyeijaribu nyumbani, na bomba la sindano la kuisafishia halikuwemo ndani ya boksi.

Muuguzi, kwa tahadhari yake mwenyewe, alinunua duka la dawa vidonge vya klorini vya kutibu maji, vya miligramu 67. Hivyo ndivyo vidonge vya kawaida majumbani kwetu: kidonge kimoja, ndoo moja ya lita 20.

Mambo yalivyokwenda

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Kijito cha ndani ya msitu kilikuwa cheupe na baridi, hakuna shamba wala nyumba juu yake. Filta ilifanya kazi, ingawa watu wawili waliniambia tangu mwanzo ilikuwa nzito kubana. Usiku mvua ilinyesha.

Siku ya pili, mnamo saa nne asubuhi, walifika kwenye kijito walichokuwa wamekitegemea. Kilikuwa chekundu, udongo mtupu. Kiongozi alikichota hivyo hivyo akaanza kubana. Chupa ya kwanza ilichukua robo saa. Ya pili haikujaa. Wakabana wawili kwa pamoja, mikono minne, kifuko kikapasuka kwenye mshono na maji mekundu yakamwagika kwenye suruali. Filta yenyewe bado ilikuwa nzima, ila sasa haikuwa na kifuko, haikuwa na bomba la sindano, na nyuzi zake zilikuwa zimejaa udongo.

Muuguzi akatoa vidonge. Tatizo likawa hesabu: kidonge cha lita 20, chupa za lita moja na nusu. Walikigawa kidonge kwa kisu juu ya mfuniko wa sufuria. Kidonge kikapasuka vipande visivyolingana na unga mwingine ukapeperuka. Mwisho wakaamua nusu kidonge kwa kila chupa, "bora kizidi kuliko kupungua". Baada ya nusu saa wakafungua. Maji bado yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yananuka jiki. Kila mtu alipiga funda mbili, akafunga chupa.

Wakatembea hivyo kwa saa kadhaa za kupanda. Mchana walikuta mpira mweusi kando ya barabara ya vumbi, maji meupe yanatiririka, watoto wa shule wanakinga kwa viganja. Watatu walikunywa na kujaza chupa. Mwongozaji alikuwa ametangulia na mwenzao mmoja na hakuulizwa. Hatua mia mbili juu zaidi waliona chanzo: dimbwi dogo lililozibwa kwa magunia ya mchanga, mpira umechomekwa ndani yake, na tuta la kabichi limelaliana nalo. Mkulima mmoja alikuwa amechuchumaa pale anasuuza bomba lake la kupigia dawa. Alitikisa, akageuza, povu jeupe likazunguka kwenye dimbwi likaelekea kwenye mpira. Aliwasalimia vizuri tu. Wawili kati ya wale watatu wakamwaga chupa zao. Wa tatu alikuwa ameshamaliza yake.

Jioni walifika kwa mama mwenyeji wao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona midomo imewakauka hivyo, na chupa mmebeba zimejaa?"

Wakamweleza. Akachukua chupa moja, akanusa, akacheka. "Haya ni ya kunywa au ya kufulia?"

Akawawekea chai, kisha akawaonyesha mpangilio wake: ndoo mbili zenye mifuniko, moja ya maji yaliyochotwa leo, nyingine ya jana yaliyokwisha kutulia. Anachota ya juu bila kukoroga, anachemsha, anayatia kwenye chupa ya chai. Hatumii dawa yoyote.

Alfajiri ya siku ya tatu mmoja alianza kutapika na kuharisha. Kufikia saa sita mchana, mtu wa pili akafuata.

Uamuzi wa siku ya tatu

Hapa ndipo safari ilipobadilika, na muuguzi ndiye aliyeshika usukani. Aliamua mambo matatu. Kwanza, hakuna anayetembea siku hiyo. Pili, wagonjwa wanywe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji ya mama yaliyochemshwa, kidogo kidogo na mara kwa mara, hata wakitapika. Tatu, maji ya kundi zima yatengenezwe upya, na yatengenezwe kwa ndoo.

Walimwomba mama ndoo yenye mfuniko, wakachota jioni, wakaacha itulie usiku kucha. Asubuhi tope lilikuwa limekaa chini unene wa kidole. Maji ya juu waliyachota taratibu kwa kikombe na kuyapitisha kwenye kanga safi iliyokunjwa mara nne, yakaingia kwenye dumu la lita 20. Yalikuwa meupe ila si kama ya dukani, kwa hiyo wakatia vidonge viwili badala ya kimoja. Waliyaacha saa nzima, si nusu saa, kwa sababu klorini hufanya kazi polepole kwenye maji baridi. Harufu ilikuwepo, hafifu. Kila mtu akajaza lita tatu na dumu likarudi kwa mama.

Swali moja walilolijadili kwa muda ni kama waisafishe filta na kuendelea nayo. Mwongozaji alipata bomba la sindano kwenye duka la dawa za mifugo, jipya kwenye mfuko wake, na likaingia kwenye mdomo wa filta kwa kulazimisha. Walisukuma maji safi kinyume mara nyingi, yakatoka mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe. Mtiririko ulirudi kiasi. Muuguzi hata hivyo alikataa waitegemee peke yake, na nadhani alikuwa sahihi kabisa.

Matokeo

Wagonjwa wawili walishushwa Lushoto siku ya nne, bodaboda kwanza, basi baadaye. Walipona ndani ya siku chache, na hakuna kipimo cha choo kilichofanyika. Wengine wanne walifika Mtae siku moja nyuma ya ratiba, wakinywa maji ya dumu. Hakuna aliyeugua njiani tena.

Siku kama kumi baada ya kurudi Dar es Salaam, mmoja wa wale wanne alianza kujaa gesi tumboni, kucheua kwa harufu mbaya na kupata choo chepesi chenye mafuta. Alidhani ni vidonda vya tumbo. Kipimo kilionyesha giardia, kimelea cha utumbo kinachoenezwa na maji machafu, akatibiwa. Huyu ndiye aliyemaliza chupa ya maji ya mpira.

Uchambuzi

Nianze na lawama, kwa sababu kundi lenyewe lilishakubaliana kwamba "maji ya mpira yametuua". Ushahidi hausemi hivyo moja kwa moja. Kati ya wawili walioharisha siku ya tatu, mmoja alikunywa maji ya mpira, mwingine hakuyagusa, kwani ndiye aliyekuwa mbele na mwongozaji. Kilichowaunganisha wote wawili ni chipsi na kachumbari walizokula stendi kabla ya kuanza safari, na mfuko mmoja wa karanga uliopita mikononi mwa watu sita wasionawa kwa siku mbili. Wanne walikula kachumbari, wawili wakaugua. Virusi vya tumbo huchukua saa 12 hadi 48 kujitokeza, bakteria wengi siku moja hadi tatu. Maji, kachumbari na mikono, vyote vinaingia kwenye muda huo. Mimi naelekea zaidi kwenye mikono, lakini sina cha kuthibitisha.

Giardia ni habari nyingine. Yeye huchukua wiki moja hadi mbili, kwa hiyo anayeharisha siku ya tatu ya safari hawezi kuilaumu giardia ya siku ya kwanza. Siku kumi baada ya kurudi inalingana vizuri na maji ya siku ya pili. Na kwa uchungu, giardia ndiye mdudu ambaye filta ile ingemzuia bila jasho: ana ukubwa wa mikroni 8 hadi 12, tundu la filta ni 0.1. Filta ilikuwa ndani ya begi, imeziba.

Iliziba kwa nini? Udongo wa Usambara ni mfinyanzi mwembamba, na filta za nyuzinyuzi zinajaa nao haraka. Lakini kulikuwa na sababu ya kabla: filta iliyokauka droo bila kusafishwa huwa imeshaziba nusu kwa chumvichumvi za maji ya zamani. Kuilowesha kwenye maji ya vuguvugu usiku mmoja na kuisukuma kinyume kungeonyesha hali yake kabla ya Lushoto. Kubana kwa nguvu ndiyo tiba inayokuja kichwani kwanza na ndiyo mbaya kuliko zote. Inakandamiza udongo ndani ya nyuzi na kupasua kifuko. Kama wangeyaacha maji yale yatulie hata nusu saa kwenye sufuria kabla ya kuyachuja, pengine tusingekuwa na kisa.

Sasa chupa za jiki. Kidonge cha miligramu 67 (huo ni uzito wa dawa nzima, si wa klorini peke yake) kwenye lita 20 kinatoa takriban miligramu 2 za klorini kwa lita. Nusu yake kwenye lita moja na nusu ni zaidi ya miligramu 13, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 5. Jambo la kushangaza ni kwamba, kwa upande wa bakteria na virusi, maji yale huenda ndiyo yaliyokuwa salama kuliko yote waliyobeba siku hiyo, kwa sababu sehemu ya klorini ile ililiwa na tope na iliyobaki bado ilitosha. Yalishindwa kwa sababu hayakunyweka. Watu walitembea na kiu wakiwa na chupa zilizojaa, na kiu ndiyo iliyowapeleka kwenye mpira. Ukichagua dawa ya maji, ladha ni sehemu ya usalama, hasa kwa kundi ambalo halitakutii likikaukiwa.

Marekebisho yake ni rahisi. Usikate kidonge. Tafuta chombo kinacholingana na kidonge. Katika nchi ambayo kila nyumba ina ndoo na dumu la lita 20, kundi la watu sita linalolala vijijini lina chombo sahihi kila jioni. Anayetembea peke yake na kulala porini anahitaji vidonge vidogo vya lita moja, na avitafute mapema maana maduka mengi ya dawa hayana.

Kilichofanya kazi, basi, ni mpangilio wa mama ukiongezewa klorini. Kutulia kuliondoa tope, kanga iliondoa takataka, dawa ikapata maji ya kufanyia kazi. Kanga isipewe sifa zisizo zake. Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu karibu kwa nusu, lakini hiyo ni kwa sababu bakteria wa kipindupindu hujishika kwenye viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Virusi vinapita kwenye kanga kama haipo.

Na virusi ndiyo sababu ya muuguzi kukataa filta peke yake. Tundu la mikroni 0.1 linazuia bakteria na vimelea, halizuii virusi vya homa ya ini A wala vya kuharisha, ambavyo ni vidogo zaidi ya hapo. Ndani ya msitu, pasipo na choo cha mtu juu yako, hilo halinisumbui. Chini ya kijiji linanisumbua sana. Klorini nayo ina upungufu wake: ni dhaifu kwa giardia kwenye maji baridi, na kriptosporidiamu, kimelea kingine cha kuharisha, haiiogopi hata kidogo. Kwa hiyo chini ya makazi mimi ningefanya vyote viwili, filta kisha kidonge, au ningechemsha. Kwenye mita 2,000 maji huchemka karibu nyuzi 93 badala ya 100, na bado yanaua. Wataalamu wanashauri dakika moja ya kutokota, na dakika tatu ukipita urefu huo.

Swali ambalo kundi halikuuliza hata mara moja ni nani anaishi na nani analima juu ya maji haya. Mwongozaji aliniambia angewajibu bila kufikiri. Anaijua kila chemchemi ya njia ile na anajua mipira ipi imetoka msituni na ipi imetoka mashambani. Alidhani wageni wana mashine yao. Walimwajiri kwa njia, hawakumwajiri kwa maji, na mimi ningeliingiza hilo kwenye mapatano ya malipo siku ya kwanza: atuonyeshe mahali pa kuchota, na asitangulie kundi kwenye mashamba.

Maana ndani ya begi lolote hakukuwa na kitu cha kuliondoa lile povu la dawa kwenye maji. Viuatilifu, yaani dawa hizo za shambani, havichemki vikaisha; ukichemsha maji unayapunguza maji na sumu inabaki. Klorini haivitoi kwa namna ya kutegemea, filta ya nyuzi inavipitisha vyote. Mkaa maalumu wa kuchujia unapunguza baadhi yake, lakini hujui umebakiza nini. Maji ya chini ya shamba lililopigwa dawa yanaachwa, basi, hata yawe meupe namna gani na hata watoto wa hapo wawe wanayanywa. Wanaoshuka kutoka nyanda za Ngorongoro kwenda Ziwa Natron wana tatizo la ukoo huo huo, floraidi, na huko pia kuchemsha kunaiongeza tu.

Kwa safari hiyo hiyo kati ya Julai na Septemba, vijito vikiwa vyeupe, mpangilio wangu ungegeuka: filta iliyojaribiwa nyumbani ingebeba kazi ya mchana, bomba la sindano likiwa mfukoni, na vidonge vingebaki vya jioni chini ya vijiji. Kwa Novemba ningeondoka na filta pia, lakini kwa kuamini kwamba siku ya pili itaziba.